Jina geni ndani ya ordinatere yako: ni virusi ao ni kazi ya kawaida?

Ordinatere ya nyumbani inaanza kwenda polepole, feni inapiga kelele, na mega za intaneti ulizonunua jana zimekwisha leo asubuhi. Unafungua orodha ya programu zinazotumika ndani, unakuta majina ambayo hukuweka wewe: svchost, csrss, MsMpEng, RuntimeBroker. Wazo la kwanza linalokuja ni virusi. La pili ni kufuta, ao kubeba mashini kwa fundi ili aformate yote.

Mara nyingi wazo la kwanza si kweli, na la pili ndilo linaleta hasara. Mwanafunzi anapoteza kazi yake ya kumaliza masomo, mama mwenye duka anapoteza hesabu za mwaka mzima, familia inapoteza picha za ndoa na za wazee waliokwisha kufa, juu ya jina ambalo lilikuwa la Windows yenyewe. Lakini virusi ya kweli nayo iko, na katika miji yetu, kutoka Bunia mpaka Uvira, haiingii kwa kishindo. Inaingia kwa flashi iliyotoka kuchapisha barua, na kwa kaprogramu ka "kufungua" Windows bila kulipa. Kwa hiyo tutaeleza hapa namna ya kutofautisha hizo mbili, kwa vyombo ambavyo tayari viko ndani ya mashini yako. Tunazungumzia Windows, kwa sababu ndiyo iko katika ordinatere nyingi za huku. Mwenye Mac ao Linux atapata majina mengine, lakini njia ya kufikiri ni ileile.

Kitu kimoja mbele ya kuendelea. Watu wanaita "virusi" kila programu mbaya. Mafundi wanagawanya: kuko inayojinakili yenyewe kutoka mashini moja hadi nyingine, kuko inayojificha ndani ya programu nzuri, kuko inayopeleleza maneno ya siri, kuko inayofunga mafishie na kuomba makuta. Sisi tutasema virusi tu, kama kila mtu.

Majina yanayoogopesha bure

Bonyeza pamoja Ctrl, Maj na Échap. Dirisha la "Gestionnaire des tâches" linafunguka. Kama ni dogo, bonyeza "Plus de détails". Hapo ndipo hofu inaanza.

Ukienda kwenye "Détails", utaona "Processus inactif du système" inakula asilimia 90 na zaidi ya nguvu ya mashini. Watu wengi wanajaribu kuiua. Lakini maana yake ni kinyume: hiyo ni hesabu ya nguvu ambayo haina kazi. Ikiwa iko juu, mashini inapumzika.

Kisha kuko svchost.exe, si mara moja, ni mara makumi. Hiyo ni kama basi ya Windows. Kazi ndogondogo za mfumo, kwa mfano kutafuta Wi-Fi, kuongea na mashini ya kuchapa, kupanga saa, haziwezi kutembea peke yake, zinapanda ndani ya svchost. Zamani kazi nyingi zilipanda basi moja. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, mashini yenye RAM zaidi ya Gb 3,5 inapatia karibu kila kazi basi yake. Ndiyo maana ukihesabu svchost 60 ao 80, hakuna la ajabu. Jirani yako mwenye mashini ya zamani anaona 12 tu, na hiyo haimaanishi kwamba yake ni safi kuliko yako.

MsMpEng.exe ndiyo inachekesha zaidi. Wakati fulani inachukua nguvu nyingi na diski inalia, mtu anasema "nimemkamata mwizi". Kumbe ni mlinzi. Ni antivirusi ya Microsoft, inayokuja ndani ya Windows 10 na 11, na inapita katika mafishie kuyakagua. Kwa sisi ambao kuranti inakuja na kwenda, mashini ikikaa siku tatu imezimwa, siku inapowashwa mlinzi anataka kumaliza kazi yote ya nyuma mara moja. Vumilia, kunywa chai.

Na mega zinazokwisha? Mbele ya kushitaki virusi, shitaki Windows Update. Inashusha mapya yake bila kuuliza bei ya forfait yako. Ingia katika "Paramètres", "Réseau et Internet", chagua Wi-Fi ao simu unayotumia kama modemu, washa "Connexion limitée". Mara nyingi shida inakwisha hapo.

Majina mengine ni ya vyombo: Realtek ni sauti, Synaptics ni ile fasi ya kupapasa kwa kidole, Intel na AMD ni za mashini yenyewe, HP, Dell na Lenovo wanaweka zao za kuangalia betri na kadhalika. Wakati mwingine ni nzito na hazina maana sana, lakini si virusi.

Kuko moja ambayo wanaonunua mashini zilizokwisha kutumika Ulaya wanapaswa kuijua: rpcnet.exe. Makampuni mengi ya huko yalinunua ulinzi dhidi ya wizi, Computrace, ambao unaanzia ndani ya mashini yenyewe, si ndani ya diski. Ukiformata, inarudi. Ukibadilisha diski, inaweza kurudi. Fundi asiyeijua atakuambia hiyo ni virusi ya ajabu isiyokufa. Ni programu ya halali, lakini kuiona katika mashini yako ni neno la kufuatilia: inaweza kumaanisha kwamba mwenye mali wa kwanza hakuizima kabla ya kuuza, ao kwamba ile mashini haikuuzwa na mwenyewe. Muulize aliyekuuzia karatasi.

Dubu wa mwaka 2002

Mwaka 2002 barua moja ilizunguka dunia kwa e-mail. Ilisema: tafuta ndani ya ordinatere yako fishie jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo. Ukiikuta ni virusi, antivirusi haziioni, ifute haraka na uwaambie marafiki wako wote. Watu walitafuta, wakaikuta kweli, wakatetemeka, wakafuta, wakatuma barua kwa wengine. Ile fishie ilikuwa ya Microsoft, ilikuja pamoja na Windows, na picha ya dubu iliwekwa na waliotengeneza. Mwaka mmoja mbele ya hapo, barua ya namna hiyohiyo ilikuwa imewafanya watu wafute SULFNBK.EXE, nayo ya Windows.

Angalia ujanja wake. Hakukuwa na virusi hata kidogo. Hofu ndiyo ilifanya kazi yote, na ikapita kwa watu wema waliotaka kuwasaidia jamaa zao. Leo barua kama hizo zinapita kwa WhatsApp, katika kundi la familia na la wazazi wa masomo. Mtu akikutumia "futa fishie hii haraka na utume kwa watu kumi", usifute na usitume.

Ndugu yake ni lile dirisha jekundu linaloruka kwenye intaneti, king'ora kinalia, kimeandikwa kwamba Windows yako imeshikwa na virusi tano, piga namba hii. Hakuna ukurasa wa intaneti unaoweza kuona ndani ya diski yako na kuhesabu virusi. Funga kwa Alt na F4, ao kupitia Gestionnaire des tâches. Usipige simu, usishushe kitu wanachokupa, usiwaachie washike mashini yako kwa mbali.

Namna ya kukagua jina usilolijua

Jina peke yake si ushuhuda. Yeyote anaweza kuita fishie yake svchost.exe. Kwa hiyo uliza kwanza inakaa fasi gani. Ndani ya Gestionnaire des tâches, bonyeza jina kwa kifungo cha kuume cha suri, chagua "Ouvrir l'emplacement du fichier". Svchost ya kweli inakaa C:\Windows\System32 (mara nyingine SysWOW64, jirani yake). Ukikuta svchost inakaa ndani ya Téléchargements, ndani ya Temp ao kwenye flashi, hiyo si ya Windows.

Soma pia herufi moja moja. Wezi wanapenda kuandika scvhost, ama svch0st yenye sufuri, ama Isass inayoanza na I kubwa badala ya l ndogo ya lsass. Macho yaliyochoka hayaoni.

Fasi moja inaleta mashaka mengi: AppData, dosiye iliyofichwa ndani ya jina la mtumiaji. Virusi zinaipenda kwa sababu mtu anaweza kuandika humo bila ruhusa ya msimamizi. Lakini Telegram nayo inakaa humo, na programu nyingine nyingi nzuri. Kwa hiyo AppData ni sababu ya kuuliza swali lingine, si ya kufuta.

Swali lingine ni sahihi. Bonyeza fishie kwa kifungo cha kuume, "Propriétés", tafuta ukurasa wa "Signatures numériques". Kampuni ya kweli inatia sahihi ambayo Windows inaweza kuihakikisha. Hapa watu wengi wanaanguka: mafishie mengi ya Windows yenyewe hayaonyeshi ukurasa huo, kwa kuwa sahihi yake imewekwa katika daftari la pembeni. Basi kukosa sahihi ndani ya System32 hakutishi. Kukosa sahihi katika programu inayojiita ya Adobe ao ya Google kunatisha. Na sahihi nayo si kinga kamili. Mwaka 2017, CCleaner, programu ya kusafisha iliyo maarufu sana, ilitolewa na kampuni yake yenyewe, yenye sahihi halali, huku wadukuzi wamekwisha kuingiza ubaya ndani. Mashini zaidi ya milioni 2 ziliipokea. Mambo kama hayo ni machache, lakini yanaonyesha kwamba sahihi inakuambia nani alitoa, haikuambii alikuwa na nini ndani ya mfuko.

Ukibaki na mashaka, kuko VirusTotal. Ilianza Hispania mwaka 2004, Google ikainunua mwaka 2012, na ni bure: unaipa fishie, inaipitisha katika antivirusi zaidi ya 60 mara moja. Namna ya kusoma jibu ni muhimu. Antivirusi moja ao mbili zisizojulikana zikilalamika katika sabini, mara nyingi ni makosa. Zikilalamika arobaini, usibishane. Angalisho: unachopandisha pale kinaweza kuonekana na watu wengine wanaolipia huduma hiyo. Usipandishe mkataba, orodha ya wagonjwa, ama dosiye ya mtu aliyekuja kulalamika kwenye shirika lako. Kama unataka kuokoa mega, ao kuficha fishie, unaweza kupeleka alama yake tu. Fungua "Invite de commandes", andika certutil -hashfile, jina na njia ya fishie, kisha SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Uutie katika sehemu ya kutafuta ya VirusTotal. Kama fishie imekwisha kupita kule, jibu linakuja bila kutuma kitu.

Anayetaka kuona zaidi achukue Process Explorer na Autoruns. Ni ndogo, ni za bure, zilitengenezwa na Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Autoruns inaonyesha kila kitu kinachoamka pamoja na Windows. Usizime mistari ovyo humo.

Flashi, mlango mkubwa wa huku

Sasa virusi ya kweli. Unatoka kuchapisha CV kwenye sekretaria ya barabarani, unarudi nyumbani, unafungua flashi: dosiye zako zimegeuka kuwa "raccourci", kila moja na mshale mdogo, uzito Kb 1 ao 2. Hazikufutwa. Virusi imezificha na kuweka mahali pake milango ya uongo yenye majina yaleyale. Ukibonyeza mlango, unaamsha virusi kwanza, kisha inakufungulia dosiye yako ya kweli ili usishuku kitu. Ni hapo ordinatere yako inashikwa, na kila flashi itakayoingia kesho itatoka mgonjwa.

Zamani haikuhitaji hata kubonyeza. Conficker, iliyoanza mwisho wa mwaka 2008, ilitumia pia ile tabia ya Windows ya kuanzisha yenyewe kitu kilicho kwenye flashi. Windows 7 ilikataa tabia hiyo, na mwezi wa pili 2011 Microsoft ikaizima katika XP na Vista. Ndiyo sababu virusi za leo zinahitaji kidole chako.

Moja ya zile zilizoenea kwa flashi inaitwa Andromeda, ama Gamarue, ya mwaka 2011. Mwezi wa 11 mwaka 2017, FBI, Europol na Microsoft pamoja na wengine walikata mashini zilizokuwa zinaiamuru. Lakini nakala zilizokwisha kuingia katika flashi hazikupata habari ya kifo cha bwana wao. Zinaendelea kuhama kutoka mfuko hadi mfuko, na miaka kadhaa kisha, wengine walishika tena majina ya zile mashini za zamani ili kuzitumia upya. Virusi ya flashi haizeeki haraka, sana sana fasi ambapo antivirusi haipati intaneti ya kujipyaisha.

Ukikuta milango ya uongo, usiibonyeze, na usiformate flashi. Pitisha kwanza antivirusi juu ya ordinatere, kwa maana ukisafisha flashi peke yake itashikwa tena dakika ileile. Kisha angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua Invite de commandes na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Dosiye zako zitarudi kuonekana. Nakili nyaraka zako, acha kila kitu kinachomalizika kwa .exe, .vbs, .js ama .lnk. Ili uone hayo mamalizio, nenda katika "Affichage" ya dosiye, washa "Extensions de noms de fichiers"; bila hiyo, facture.pdf.exe itaonekana kwako kama facture.pdf.

Kwa kwenda kuchapisha, dawa rahisi ni kuwa na flashi ya nje: ndogo, yenye fishie moja ya PDF tu, hata ikishikwa hupotezi kitu. Ama tuma fishie kwa WhatsApp ya sekretaria. Wenye sekretaria nao hawana kosa peke yao, wanapokea flashi za mji mzima kutoka asubuhi mpaka jioni.

Ile ya "kufungua" Windows

Fundi akikuwekea Windows ama Office bila leseni, anatumia kaprogramu kama KMSPico, na jambo la kwanza analofanya ni kuzima antivirusi. Anakuambia antivirusi inakosea. Mara nyingine ni kweli kwamba inalalamikia uvunjaji wenyewe, si virusi. Shida ni kwamba baada ya kuzima, hakuna anayejua tena. Mwishoni mwa 2021, kampuni ya usalama Red Canary ilieleza ginsi KMSPico za uongo zilivyobeba Cryptbot, inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika navigateri. Na STOP, moja ya virusi zinazofunga mafishie ambazo zimeshika watu wengi wa nyumbani, inapita sana kwa programu zilizovunjwa na michezo ya bure.

Tunajua leseni ni bei. Lakini wengi hawajui kwamba Windows 10 na 11 zinafanya kazi bila kufunguliwa: utaona maandishi pembeni ya kioo na hutaweza kubadilisha rangi, basi. Na LibreOffice inafungua na kuandika nyaraka za Word na Excel bure, kwa halali. Kwa mashini ya zamani, jua kwamba Windows 7 haipokei tena marekebisho ya usalama tangu mwezi wa kwanza 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025.

Ikiwa ni virusi kweli

Dalili zenye uzito si polepole. Ni hizi: antivirusi imezimwa na inakataa kuwaka, marafiki wanapokea ujumbe wako ambao hukutuma, mafishie yanapata malizio mapya na hayafunguki tena, pembeni kuko barua ya kuomba malipo.

Kata intaneti kwanza. Usiingize flashi yoyote. Kwa simu ama mashini nyingine, badilisha maneno ya siri, ukianzia na ya e-mail, kwa sababu anayeshika e-mail anaweza kubadilisha mengine yote. Kisha, ndani ya "Sécurité Windows", chagua "Analyse hors ligne": mashini inajizima, inawaka bila kuamsha Windows, inakagua kwa karibu robo saa. Kama haina intaneti kwa muda mrefu, mtu mwenye mashini safi anaweza kushusha kwa tovuti ya Microsoft fishie mpam-fe.exe, inayoipa antivirusi habari mpya. Ni nzito, zaidi ya mega 100, lakini moja inasaidia mashini za kartie nzima.

Ikishindikana, kuformata ni sawa. Mwambie fundi anakili nyaraka na picha mbele, asinakili programu, na asirudishie Windows yako kwa kaprogramu kaleka.

Na kama mafishie yamefungwa, usilipe haraka na usifute. Kuko No More Ransom, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi ya Uholanzi, Europol na makampuni ya usalama. Unapandisha fishie moja iliyofungwa isiyo ya siri na ile barua ya malipo, inakuambia kama ufunguo umekwisha kupatikana. Kwa matoleo ya zamani ya STOP, funguo nyingi zilitolewa mwaka 2019. Kwa mapya mara nyingi bado. Toa diski, iandike tarehe, iweke kabatini: wako watu waliorudishiwa mafishie yao miaka kisha, siku polisi walipokamata mashini za wezi.